BUSTANI YA MLANGONI: Ua la usiku mmoja

Mwezi uliopita tuliongea juu ya lenga-lenga na vitunguu vya kupanda ndani ya gunia. Leo tunaacha mboga kidogo, kwa sababu kuna swali moja limetufikia na tumeona haliwezi kujibiwa kwa maneno mawili.

Mama mmoja alikuja kutuona akibeba mkebe wa mafuta, ule wa lita nne. Ndani yake kulikuwa na mmea wa kijani, mrefu kama mtoto wa miaka mitatu, hauna majani, una mbavu kama za boga na miiba juu ya kila ubavu. Alitoka nao ng'ambo, upande wa Bukavu. Siku ya kuondoka alikata kipande cha urefu wa mkono kwenye mti mkubwa uliokuwa kwa mama mkwe wake, akakifunga ndani ya kitenge kikuukuu pamoja na nguo za watoto. Huu ni mwaka wa tatu anakitunza.

Akatuambia hivi: "Juzi jioni likafunguka ua moja jeupe, kubwa kama sahani, na harufu yake ikajaa mpaka kwa jirani. Watu walikuja kuangalia na tochi. Asubuhi nikalikuta limelala, limekwisha. Miaka mitatu nimengoja! Nilikosea wapi? Ni mayi nilitia mengi?"

Halafu akauliza la pili, na hili ndilo lilitufanya tukae chini: "Majina yetu yako kwenye orodha ya kuhamishwa. Mti huu nikiuondoa, utaishi? Ao niuache tu?"

Basi tujibu moja moja.

HAKUKOSEA KITU

Jibu la kwanza ni la kufurahisha. Mama hakukosea. Ua la mmea huu ni la usiku mmoja tu. Linaanza kufunguka jua likizama, saa tatu ao saa nne usiku liko wazi, na asubuhi jua likipanda linajifunga na kulegea. Hata ungemwita fundi wa bustani wa mfalme, lingefanya vilevile. Mti wenyewe haukufa, na ukiendelea kuutunza utatoa maua mengine.

Mmea huu ni wa jamii ya kaktusi. Watu wa pwani wana jina mpungate kwa ndugu yake mmoja, ule wenye matawi bapa kama sahani na matunda mekundu. Karibu kaktusi zote asili yake ni Amerika, na huu wa mama, wenye umbo la nguzo, ni wa Amerika ya Kusini. Wazungu waliipeleka mimea hii huku na huku kwa ajili ya bustani zao, ndiyo maana leo utaiona kwenye nyua za miji mingi ya Afrika.

Kwa nini usiku? Ju ya jua kali na hewa kavu. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili ivute hewa, na hapohapo maji yake hutoka kama mvuke. Kaktusi ikifanya hivyo jangwani itakauka. Kwa hiyo mchana inafunga vitundu vyake, na usiku kukiwa na ubaridi inavifungua, inavuta hewa inayohitaji na kuiweka akiba ndani ya mwili wake mpaka jua litoke. Ua nalo linafuata saa hizo. Wageni wake ni wa usiku: nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, na kwa kaktusi nyingine popo. Rangi nyeupe inaonekana gizani, na ile harufu kali ndiyo inawaita kutoka mbali.

Kuna ndugu yake mmoja katika jangwa la Sonora, kule Arizona ya Marekani na kaskazini ya Meksiko, ambaye tunapenda habari yake. Wataalamu wanamwita Peniocereus greggii. Karibu mwaka mzima anaonekana kama fimbo chache zilizokauka, nyembamba kama kalamu. Mtu anapita pembeni yake bila kujua kuwa ni mti ulio hai. Hawezi kukua peke yake kwenye jua la wazi, anaota chini ya kichaka ao mti mwingine unaompa kivuli, na fimbo zake zinajificha kati ya matawi ya mwenyeji wake. Nguvu yake iko chini ya udongo: ana kiazi kikubwa, mara nyingi cha kilo kadhaa, kilichojaa maji na chakula. Kila mwaka, karibu na mwezi wa 6 ao wa 7, maua yake yanafunguka usiku, na ya sehemu moja hupenda kufunguka pamoja usiku uleule. Watu wa mji wa Tucson hutoka nyumbani kwenda kuyaangalia.

Na kaktusi ya kwetu Afrika haipo? Iko, moja tu. Katika misitu yenye unyevu ya Rwanda, Kongo na Tanzania kuna mmea unaoning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama kamba za kijani, na vitunda vyeupe vidogo. Jina lake la kitaalamu ni Rhipsalis baccifera. Ndiyo kaktusi pekee inayoota porini nje ya Amerika bila kupandwa na mtu. Wengi wanadhani mbegu zake zililetwa na ndege waliovuka bahari, ila wataalamu bado wanabishana.

KWANZA UJUE UNA NINI

Kabla ya kutunza, chunguza mmea wako, maana watu wanachanganya vitu vitatu.

1. Kaktusi ya nguzo, kama ya mama yetu. Ina mbavu, na miiba yake inatoka kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya kama pamba. Ukiikata, inatoa maji maji tu. Hii inataka jua na ukavu.

2. Kaktusi bapa isiyo na miiba, ile inayofanana na majani marefu yanayoning'inia. Wenye kusoma Kifaransa wanaiita malkia wa usiku kwa lugha yao. Nayo huchanua usiku mmoja, ua jeupe na refu. Lakini hii si ya jangwani! Asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, inaota juu ya miti. Ukiiweka kwenye jua kali la mchana inageuka njano. Iweke chini ya ukingo wa nyumba, kwenye kivuli chepesi, na udongo wake usikauke kabisa.

3. Mnyaa, ambao Wanyarwanda wanauita umuyenzi, ule wa kufanyia ua wa nyumba, pamoja na ndugu zake wenye miiba. Hizi si kaktusi hata kidogo, ingawa zinafanana. Ukizikata zinatoa maziwa meupe. Wazazi, tusikilizane hapa: maziwa hayo yakiingia machoni yanaunguza na yanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mtoto yakimpata, asisugue jicho. Mwoshe palepale kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano hivi, halafu mkimbize kituo cha afya. Usingoje kesho.

SHIDA YA HUKU KWETU NI MVUA

Watu wakisikia "mmea wa jangwani" wanafikiri shida itakuwa ukosefu wa maji. Hapa Rusizi ni kinyume. Tucson, tuliyoitaja, hupata karibu milimita 300 za mvua kwa mwaka. Kamembe inapata zaidi ya mara tatu ya hizo. Kiangazi chetu halisi ni miezi ya 6, 7 na 8. Miezi mingine mingi mbingu iko wazi, hasa ule wakati wa masika ambao wenyeji wanauita itumba, mwezi wa 3 mpaka wa 5.

Sisi wenyewe tuliua moja. Tulipewa kipande kizuri, tukakipanda kwenye ndoo isiyotobolewa, udongo mweusi wa mfinyanzi, na kila asubuhi tukakinywesha kama nyanya. Mwezi wa 4 kikawa laini chini, kikageuka rangi ya chai, kikaanguka. Kilioza mizizi. Tulikipenda mpaka tukakizamisha. Msirudie kosa letu. Fanyeni hivi:

Chombo. Mkebe wa mafuta, ndoo iliyopasuka ao bidoni iliyokatwa, vyote vinafaa. Toboa chini matundu matano ao sita kwa msumari mnene. Weka chombo juu ya mawe mawili ili maji yapate pa kutokea. Kingo za mkebe zikunje kwa nyundo, zisikate mikono ya watoto.

Udongo. Changanya sehemu mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa pamoja na changarawe ndogo, sehemu moja ya udongo wa kawaida, na konzi mbili za makala yaliyopondwa. Ukibana udongo huu mkononi kisha ukafungua vidole, unatakiwa kuvunjika. Ukibaki donge moja, ongeza mchanga.

Maji. Wakati wa kiangazi mpe mara moja kwa juma, maji yaingie mpaka yatoke chini. Halafu mwache. Kabla ya kumpa tena ingiza kijiti ndani ya udongo: kikitoka na unyevu, ngoja. Wakati wa mvua usimpe chochote, na msogeze chini ya ukingo wa nyumba ao chini ya kipande cha shitingi kilichobaki. Maji uliyooshea mboga yanatosha, huna haja ya kupunguza ya kunywa. Ya sabuni usitie.

Jua. Ya nguzo inataka jua la saa sita hivi kwa siku. Kama ilikuwa kivulini, izoeshe kidogo kidogo kwa juma mbili, vinginevyo ngozi yake inaungua na kubaki na madoa. Wenye kukaa upande wa Bugarama mnalo joto la kutosha, ndiko chini kabisa katika Rwanda nzima. Wa milimani baridi ya usiku haitaiua, ila itakua polepole.

Chakula. Samadi iliyooza vizuri, konzi moja, mara mbili kwa mwaka. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Wadudu. Ukiona vitu vyeupe kama pamba vimeshika kwenye mbavu, hao ni wadudu wanaonyonya. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha suuza. Rudia kila juma mpaka waishe.

Subira. Kipande kilichokatwa kwenye mti mzee kinaweza kuchanua baada ya miaka miwili ao mitatu. Mbegu inachukua miaka mingi zaidi. Hakuna dawa ya kuharakisha.

JE, IKO FAIDA YA CHAKULA?

Watoto watauliza, na wana haki. Iko kaktusi nyingine ya kupanda juu ya nguzo, inayochanua usiku vilevile na kuzaa tunda la rangi ya waridi lenye magamba. Wafanyabiashara wanaliita tunda la dragoni ao pitaya. Siku hizi wakulima wa Kenya, Uganda, Tanzania na hapa Rwanda wameanza kuilima. Tunda linaiva mwezi mmoja hivi ao zaidi kidogo baada ya ua kufunga. Inahitaji nguzo imara na samadi ya kutosha. Aina nyingine hazizai bila chavua ya mti wa aina tofauti, kwa hiyo ukipata kipande, muulize anayekupa kama mti wake unazaa ukiwa peke yake.

Onyo moja: msitupe vipande vya kaktusi porini ao kwenye malisho. Kipande kinachoanguka kinaota chenyewe. Kule Laikipia, Kenya, mpungate ulioletwa kutoka Amerika umefunika malisho, na miiba yake inaumiza midomo na macho ya mbuzi na ng'ombe. Sisi ni wageni kwenye ardhi hii, na wenyeji wetu wanafuga. Kipande usichokitaka, kikaushe kabisa ukichome.

KUHAMA NA MTI

Sasa tumefika kwenye swali la pili la mama. Mti utaishi?

Utaishi. Mimea mingi ukiikata unatakiwa kukimbia nayo kwenye maji. Hii ukiikata na kuipanda siku hiyohiyo inaoza, kwa sababu kidonda chake bado kibichi. Inabidi ikae kwanza bila udongo na bila maji, mpaka kidonda kikauke na kufunga. Kwa hiyo siku za safari hazipotei bure. Tulimweleza hivi:

Kata kwa kisu kikali kilichooshwa, kipande cha urefu wa mkono. Shika kwa gazeti lililokunjwa, si kwa vidole. Kiache kivulini, mahali pakavu, juma moja ao mbili, mpaka sehemu uliyokata iwe ngumu kama kigaga. Kifunge ndani ya gazeti, usikifunge ndani ya mfuko wa plastiki, maana kitatoa jasho na kuoza. Ukifika, kipande kingine hata kikiwa kimesinyaa kidogo, usiogope. Panda kina cha vidole vine, kiegemeze na kijiti, ngoja juma moja ndipo utie maji kidogo. Ule upande uliokuwa chini lazima uwe chini tena, kwa hiyo utie alama ya makala kabla ya kufunga.

Wanaopelekwa Mahama, kule Kirehe, wajue kwamba huko jua ni kali zaidi na mvua ni kidogo kuliko Rusizi. Mboga zitawapa kazi. Kaktusi itafurahi.

Lakini wale wanaosafiri kwenda nchi za mbali kwa ndege, msiweke kipande ndani ya sanduku. Karibu jamii yote ya kaktusi imo katika mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES, uliosainiwa Washington mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tena nchi nyingi hazikubali mmea uingie bila karatasi za ukaguzi. Watakunyang'anya uwanjani, na siku hiyo utakuwa na mambo mengine ya kufikiria. Heri umwachie jirani.

Mama alisikiliza, kisha akakaa kimya. Akasema: "Ule mti mkubwa, wa mama mkwe, sijui kama bado umesimama. Nyumba yenyewe sijui." Hatukuwa na la kumjibu. Tukamwomba kisu.

Tulikata vipande vitatu. Kimoja atakwenda nacho. Kimoja amemwachia jirani wa mlango wa pili, yule aliyekuja na tochi usiku ule. Cha tatu kiko hapa kwetu, kimelazwa juu ya rafu kinakausha kidonda, tutakipanda juma lijalo, safari hii kwenye mkebe wenye matundu. Shina lenyewe lililobaki atalibeba na mkebe wake, likipata nafasi kwenye gari. Likikosa, vipo vile vingine.

USIKU WENYEWE

Mwisho, msikose ua lenu. Chipukizi linaanza kama kidole chenye manyoya kwenye ubavu wa mti, na linakua kwa majuma kadhaa. Siku yake ikifika, mchana linavimba, na jioni ncha inaanza kulegea na kuonyesha weupe. Siku hiyo msilale mapema. Waambieni watoto na mwiteni jirani, hata yule mliyegombana naye kwenye foleni ya maji. Toeni kigoda nje. Taa zimeni kidogo, nondo watakuja wenyewe. Asubuhi ua likilegea, liacheni lidondoke lenyewe, msilinyofoe kwa nguvu.

Mwezi ujao tutarudi kwenye mboga: namna ya kuhifadhi mbegu za lenga-lenga zisiliwe na wadudu. Maswali yenu leteni kama kawaida, kwa mdomo ao kwa karatasi. Na kama kuna mtu mwenye kipande cha ile bapa isiyo na miiba, tunaomba. Sisi tuko na samadi ya kubadilishana.

Mkae salama, na wanaosafiri mwezi huu, safari njema.